Minazi Arobaini na Mitatu

Ganda, Jumamosi alasiri

Sidi mwanangu,

Umekwenda Magarini kumuaga shangazi yako, nami najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa sababu shangazi yako hamwachi mtu aondoke bila kula mara mbili. Kwa hiyo ninayo nafasi. Nimekaa kwenye mkeka uani, daftari nimeliweka juu ya sinia, na kalamu ni ile yako ya buluu uliyoitafuta wiki nzima ukadhani imepotea. Haikupotea.

Kesho asubuhi utapanda basi la Mombasa, na kutoka huko mpaka Nairobi. Sitakwambia uvae sweta, wala ushike mkoba vizuri, wala umwandikie nani kwanza. Hayo utaambiwa na kila mtu mpaka uchoke. Mimi nataka kukwambia kwa nini unakwenda. Wewe unadhani unakwenda kusoma jiografia kwa sababu ulipata alama nzuri. Ni kweli, lakini si kweli yote. Unakwenda kwa sababu ya Kenga.

Jina hilo umelisikia humu nyumbani tangu ulipokuwa mdogo, na kila ukiuliza nilikujibu nusu nusu. Leo lichukue zima.

Shamba la babu yako lilikuwa kaskazini ya mji wa Malindi, upande wa kwenda mto Sabaki, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona bahari. Babu yako alipanda pale minazi arobaini na mitatu. Alipofariki ikawa ya baba yako, na sisi watatu tuliishi kwa minazi hiyo. Sasa wewe umesoma, na huenda desturi hii kwako ni mambo ya kale, lakini kwetu mnazi ni wa aliyeupanda. Udongo ulio chini yake ni habari nyingine. Mtu anaweza kuwa na minazi kumi ndani ya shamba la jirani, akaja akaangua nazi zake, akaenda zake, na hakuna anayemuuliza. Baba yako alipokuja kuniposa, wazee wa kwao hawakutaja ekari hata moja. Walitaja minazi, na baba yangu akaridhika.

Baba yako alituacha ukiwa darasa la pili. Hata mwaka haujatimia, wapima ardhi wakaja na mnyororo wao wa chuma na vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Karani wao alikuwa Kenga. Kenga hakuwa mgeni. Alikuwa rika la baba yako, walichunga mbuzi pamoja, na wali wangu aliula mara nyingi. Ndiye mtu wa kwanza upande wetu kumaliza sekondari. Nilipomwona na daftari kubwa kwapani moyo wangu ulitulia. Nilisema, huyu ni wetu.

Akaniuliza mbele ya mpimaji na wazee wawili, "Mama Sidi, hapa wadai nini?"

Nikawaambia wanifuate. Niliwazungusha shamba zima, nikawaonyesha mnazi mmoja mmoja. Huu ndio wa kwanza kupandwa. Huu ulipigwa na radi lakini wazaa. Huu ndio mgema anaoupenda. Huu umeinama kwa sababu marehemu alikuwa akifunga mbuzi hapa. Nikahesabu mpaka arobaini na tatu, jasho linanitoka, nimejaa fahari. Mpimaji alikuwa kijana wa bara, na muda wote alikuwa akitazama chini, si juu. Mwishowe akauliza, "Na ardhi, mama?"

Mimi nikacheka, Sidi. Niliona swali la kitoto. Nikamwambia, "Ardhi hailiwi, mwanangu. Minazi ndiyo yangu."

Kenga akaandika. Akanisomea kwa sauti ili wazee nao wasikie: anadai minazi arobaini na mitatu. Nikasema ndiyo hiyo. Nikaweka dole gumba.

Baada ya miezi kadhaa ramani ikabandikwa ukutani, watu wakaitwa kwenda kuitazama. Nilikwenda nimekushika mkono. Ilikuwa karatasi nyeupe yenye mistari na namba, na hapakuwa na mnazi hata mmoja. Nilimwomba mtu anionyeshe kwetu, akaweka kidole kwenye kisanduku kidogo, kisha akatazama daftari lililokuwa kando. Jina la kisanduku hicho lilikuwa la Kenga. Mbele ya jina langu paliandikwa miti.

Nilimfuata nyumbani kwake siku ile ile. Hakunikimbia, hata kiti alinipa. "Shemeji," akaniambia, "mimi niliandika ulichosema."

Lau angenidanganya ningemchukia kama watu wanavyomchukia mwizi wa kuku, na ningechoka. Lakini hakunidanganya. Aliijua desturi yetu, na aliijua sheria ya karatasi, akasimama katikati ya viwili hivyo akiniangalia ninavyojimaliza kwa mdomo wangu. Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Shemeji, taja na ardhi." Hilo siwezi kumsamehe, na sijajaribu.

Alitaka kunipa fidia ya miti. Nilikataa, na jeuri yangu hiyo uliivaa wewe, mwaka mzima katika sare yenye viraka. Halafu akaleta watu wenye mashoka. Nilisimama barabarani nikaihesabu minazi ikianguka. Uliniuliza kwa nini nahesabu, nikakwambia nyamaza.

Ndipo nikaingia darasa la ngumbaru. Wenzangu walitaka kusoma Biblia, au barua za waume zao walioko Mombasa. Mwalimu aliponiuliza mimi nataka kusoma nini nikamwambia, ramani. Alicheka kama mimi nilivyomcheka yule mpimaji, na pale pale nikajua jinsi kicheko kile kilivyosikika.

Kenga akajenga nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili, vyote vinatazama bahari. Nilikwenda kumwomba kazi ya kufua. Watu walisema nimerogwa, na shangazi yako hakunisemesha mwezi mzima. Kenga mwenyewe alidhani nimesalimu amri. Alifurahi sana, na ninamwelewa, maana mtu uliyemdhulumu akikufulia mashuka unalala usingizi mzuri. Hakujua kwamba nilikwenda kumtazama. Nilitaka niwe karibu siku mambo yake yatakapoharibika, nisihadithiwe.

Nilingoja miaka. Mashuka yalinifundisha mengi katika miaka hiyo. Niliona kwamba Desemba mpaka Machi kamba hazitoshi, naanika hadi kwenye ua wa jirani, na masika yakiingia nafua mashuka mawili, matatu, basi. Wewe ndiye uliyenieleza sababu, kwa chungwa na kibatari, ukalizungusha chungwa limeinama hivi, ukanionyesha nchi za wale wageni zinavyopewa kisogo na jua. Unakumbuka? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uliniambia mtu hakai penye baridi kama ana nauli ya kuondoka. Nilikaa kimya siku ile, ukadhani sikuelewa. Nilikuwa nikifikiri kwamba utajiri wote wa Kenga unaning'inia kwenye chungwa lililoinama, na yeye hajui. Yeye alijua ramani moja tu, ile yenye kisanduku chake.

Ukaja mwaka wa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada. Kumbuka tulivyokula ugali ule tumefumba macho. Nchi ilikauka huku kwetu na bara pia, majani hakuna, ng'ombe wamekula hata mizizi. Kisha mvua zikarudi, na Sabaki ikashuka nyekundu kuliko nilivyowahi kuiona. Bahari yote ya mbele ya Kenga ikawa rangi ya chai. Wageni walikuwa wakioga, wakirudi wanajifuta na kulala, nami nikipokea mashuka yenye matope mekundu ambayo sabuni wala buluu ya nguo haiyatoi.

Nikaanza kuhesabu hatua. Kila Ijumaa nikimaliza kuanika, nilitembea kutoka barazani mpaka maji yanapogusa vidole, wakati maji yametoka kabisa, nikaandika kwenye daftari langu la ngumbaru. Mara ya kwanza zilikuwa mia na kumi. Mwaka uliofuata, mia mbili na kitu. Mashapo yalikuwa yakishuka na mto, bahari ikiyasukuma pwani, upepo ukiyachukua na kuyarundika. Bahari ilikuwa ikimkimbia Kenga, Sidi, na mimi nilikuwa nikiipima.

Jioni moja ulikuwa ukijisomea kwa sauti, kidato cha nne, habari za mmomonyoko wa udongo. Ulisoma kwamba mtu akilima mteremko bila matuta, mvua huuchukua udongo wake na mto huubeba mamia ya maili mpaka baharini, na huko hujenga nchi mpya. Nilikwambia soma tena. Ukasoma. Nikakwambia tena. Ukanitazama ukauliza, "Mama, kwani kuna nini?" Nilikuwa naona wanawake wenzangu huko bara, elfu kwa elfu, wameinama na majembe yao kwenye miteremko, hawanijui, hawamjui Kenga, na kila jembe linammiminia mchanga mlangoni. Sijawahi kuwapenda watu nisiowajua kama nilivyowapenda wale jioni ile. Hata sikufikiri kwamba wao walikuwa wanapoteza mashamba yao. Hilo nalo nimelifikiri baadaye.

Sasa nakuja kwenye makosa yangu, maana ya Kenga umeshayasikia.

Siku moja Kenga alinijia kwenye kamba za nguo. Alikuwa na karatasi ya fundi mkononi, anataka kupandisha ghorofa. Alikuwa na wasiwasi, nilimwona. Akasema, "Mama Sidi, nyinyi mmekaa hapa tangu enzi za wazee. Bahari hii huenda na kurudi, sivyo? Hii ni kwa muda tu."

Daftari langu lilikuwa kiunoni, limefungwa ndani ya leso. Hatua zote zilikuwa humo. Neno moja tu lingetosha.

Nikamwambia, "Hurudi, shemeji. Bahari itakwenda wapi?"

Akajenga. Alikopa, akauza gari, akapandisha vyumba vingine kumi. Ghorofa ilipokwisha, kutoka juu ulikuwa unaona vilima vya mchanga, na bahari iko mbali kule kama uzi. Upepo wa kusi ukivuma mchanga uliingia mpaka kwenye vitanda. Wageni wakahamia hoteli za upande wa kusini. Nilikuwa nikifua huku naimba. Sikuonei haya kukwambia hivyo. Ilikuwa furaha ya kweli, tumbo zima, na hata sasa nikiikumbuka natabasamu.

Lakini Kenga hakufilisika peke yake. Alianza kwa kupunguza watu, na wa kwanza alikuwa Nyevu, yule tuliyekuwa tukifua naye beseni moja, mwenye watoto watano na mume mgonjwa. Mimi alinibakiza hadi mwisho, sijui kwa nini, labda dhamiri. Nyevu alikuja hapa kwetu kuomba unga. Alikaa kwenye mkeka huu huu ninaoandikia akasema, "Dada, ni Mungu tu. Nani angejua bahari yaweza kuhama?" Nikampa unga. Sikuweza kumtazama. Mimi nilijua, Sidi. Nilijua, nikaficha kiunoni, na kisasi changu kilipita kwa Nyevu kabla hakijamfikia mwenyewe. Sijamwambia mpaka leo. Kama unataka kujua kwa nini nampelekea samaki kila wiki, sasa umejua.

Kosa la pili nimekukosea wewe.

Mwezi wa Mei nilikwenda dukani kuchukua barua, kama kawaida. Ilikuwepo moja yako, ya chuo cha uuguzi. Uliomba mwenyewe, kwa sababu tangu siku ulipomshikia baba yako kikombe cha dawa ulisema utakuwa nesi. Nilijua hilo. Niliifungua njiani. Walikuita, na walitaka jibu katika wiki tatu. Nilikuja nayo nyumbani nikaitia chini ya gunia la mahindi, nikahesabu wiki tatu kama nilivyohesabu hatua. Ulipokuwa ukiniuliza, "Mama, hakuna barua?" nilikujibu, "Hakuna." Uliuliza mara nne. Kisha ikaja ile ya chuo kikuu, ukalia kidogo, ukafuta machozi ukasema basi, ni jiografia, na mimi nikakukumbatia nikiwa na furaha mbaya.

Nilitaka mpima ardhi. Nilitaka mtu wa damu yangu asimame mbele ya kisanduku kile na kalamu mkononi. Nilikulea kwa hilo, nikakununulia ramani ya dunia badala ya kanga, nikakubandikia ukutani juu ya kitanda chako. Na ilipoonekana utaniponyoka, nikakufanyia alichonifanyia Kenga. Nilijua ulilokuwa hulijui, nikakaa kimya mpaka siku zikapita. Usiku ule wa wiki ya tatu ndipo nilipoona nafanana naye, na bado sikuitoa barua.

Imo ndani ya bahasha hii, nimeikunja mara mbili. Ina doa la mahindi. Nimekwisha kuwaandikia wale wa chuo, kwa mkono wangu, nikawaeleza kwamba kosa ni la mamako na si lako, na nikawauliza kama wanapokea tena mwakani. Wakijibu, jibu litakuja kwako huko huko, halipiti kwangu. Sikuombi unisamehe leo. Mimi mwenyewe nimekaa miaka na ghadhabu, najua haiishi kwa kuombwa.

Limebaki jambo moja, la wiki iliyopita.

Umeniona tangu masika nikitoka alfajiri na jembe, na nilikwambia nakwenda kumsaidia Nyevu shambani. Nilikuwa nakwenda kule. Mbele ya nyumba ya Kenga sasa kuna nchi nzima ambayo haikuwepo ulipozaliwa. Karibu na nyumba mchanga umetulia, majani ya pwani yameushika. Nimechimba mashimo, nimejaza samadi na makumbi, nimepanda miche ya minazi, naimwagilia maji ya kisima kile kile nilichofulia. Nimeipanda kwa mstari, sawasawa na ghorofa yake, ili ikikua izibe hata ule uzi wa bahari uliobaki.

Jumatatu Kenga alitoka na fimbo yake. Amezeeka kuliko umri wake. Alisimama akanitazama kitambo.

"Mama Sidi, wafanya nini hapa?"

"Napanda."

"Kwenye ardhi ya nani?"

"Sijui, shemeji. Kwenye ramani yako hapa ni bahari."

Alitazama bikoni yake, lile jiwe la mpaka, iko nyuma yake, imezama nusu kwenye mchanga. Halafu akasema, si kwa ukali, "Nitakwenda kuwaambia wakubwa."

"Nenda," nikamwambia. "Na wakikuuliza nadai nini, andika nilichosema."

Akarudi ndani. Nilimaliza kumwagilia nikaja nyumbani nikakupikia samaki wa kupaka, ukaniuliza kuna sherehe gani.

Ipo arobaini na mitatu, Sidi. Itachukua miaka sita au saba kuzaa, na kabla ya hapo wapimaji watarudi, maana nchi imeota pale na karatasi haina habari. Ningependa mmoja wao awe wewe. Sikufichi, ningependa hivyo kuliko kitu chochote. Lakini ukiamua kuvaa nguo nyeupe na kushikia watu vikombe vya dawa, vaa, na ile ramani ya ukutani nitaibandua mwenyewe, nitaifungia daftari langu la hatua. Nilikwisha kukuchagulia mara moja, inatosha.

Kisasi changu nitabaki nacho mimi. Nimekizoea, na kazi yake sasa ni ya kumwagilia tu. Uje na mnyororo wa kupimia au usije, siku watakaponiuliza mbele ya wazee, "Mama, hapa wadai nini?" nitawaambia wanifuate. Nitawazungusha mnazi kwa mnazi, mpaka wa arobaini na tatu, nao nitawangoja waandike. Kisha nitapiga mguu chini, niseme: na huu mchanga pia.

Mamako,
Kache